Sehemu ya Saba Hawasemi Neno

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo Iringa iliamka ndani ya ukungu mzito, na upepo wa baridi ulikuwa unapenya mpaka ndani ya soksi. Chuma cha cherehani yangu hakikushikika. Shaista alikuwa amejifunika mtandio wa mama yake mpaka puani, kompyuta yake ikiwa mapajani.

"Rudisha nyuma," nilimwambia.

"Mara ya nne hii, dada Bertha."

"Rudisha tu."

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Huzefa, karibu na soko. Shaista ni binti yake. Anauza vitambaa, na kwenye kona moja ya duka anawawekea watu muvi kwenye flashi. Mwaka jana, nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nilirudi shule, masomo ya jioni, maana niliishia darasa la saba. Wiki ile Mwalimu Eliezeri alitupa kazi: tafuta chochote cha Kiingereza, nakili sentensi kumi, andika maana yake.

Shaista akanipa sizoni moja, tamthilia ya huko Asia, yenye maneno ya Kiingereza chini ya picha. Vijana wawili, mmoja mwoka mikate, mwingine dereva wa lori. Niliijua vizuri kwa Kiswahili, kwa sababu aliyeitafsiri kwa sauti juu ya picha ni mchumba wangu, Asukile wa Mwanjelwa, Mbeya. Sauti yake inajulikana kwenye vibanda vyote vya video, kuanzia Uyole mpaka Ilula. Kwenye Kiswahili chake, wale vijana ni ndugu wa baba mmoja waliopotezana utotoni.

"Ndugu!" Shaista alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Shemeji naye ana mambo. Ndugu gani wanaangaliana hivi?"

"Kumbe wewe ulijua?"

"Dada, kila aliyeiona bila tafsiri anajua. Wanapendana hao. Kama wewe na Asukile."

Niliinamia kitambaa nikajifanya nakata uzi.

"Na wewe unaipendea nini?" nilimuuliza.

"Kwa sababu hawana haraka. Zile nyingine, dakika kumi tu, mwanamke keshalia, tajiri keshapigwa kibao. Hawa kushikana mkono tu kumekula sehemu sita. Na unajua kila mmoja atapoteza nini. Huyu atapoteza duka la baba yake, yule mama yake hatamfungulia mlango tena. Wanajua, na bado wanaangaliana. Mimi natetemeka, wallahi."

"Mungu hapendi mambo hayo."

"Hujaniuliza Mungu anapenda nini. Umeniuliza mimi naipendea nini."

Nilibonyeza mwenyewe, picha ikaendelea.

Ilikuwa sehemu ya saba. Mvua inanyesha, lori limeharibika njiani. Yule dereva anavua koti lake, anamvisha mwoka mikate. Wanasimama. Wanaangaliana. Dakika nzima. Nilikuwa nimeshika kalamu niandike sentensi yangu ya kumi, nikasubiri maneno yatokee chini ya picha.

Hayakutokea.

"Mbona hawaandiki?" niliuliza.

"Waandike nini? Wamenyamaza."

"Hapana. Hapa wanaongea. Anaongea sana hapa."

Nilitoa simu yangu. Sehemu hiyo ninayo, naisikiliza kila siku kabla ya kulala, kwa sababu ndiyo iliyofanya nimpende Asukile. Niliiweka sikioni. Sauti yake ikaja, nzito, imekatika kidogo katikati:

"Wakiniuliza wewe ni nani kwangu, nitasema ndugu. Nimeshazoea kusema ndugu. Lakini siku ile Igawa, gari lilipokufa, ukavua koti lako ukanivika, nilitaka kusema neno lingine. Nililimeza. Mpaka leo limenikaa hapa."

Watafsiri wa muvi huwa wanachomeka majina ya kwetu ili watu wacheke. Nilijua hivyo. Kila mara niliposikia Igawa nilicheka kidogo, halafu nikalia kidogo, nikiamini maneno yale ananiambia mimi kwa njia ya aibu.

Lakini mimi sijawahi kukwama Igawa. Na hakuna mwanamume aliyewahi kunivika koti.

Ila koti lenyewe nalijua. Ndilo lililotukutanisha. Miaka miwili iliyopita Asukile alikuja kumletea Shaista muvi mpya, akanikuta barazani, akaniomba nimshonee kiwiko cha koti la kahawia. Mikono ilikuwa mirefu mno, ilimfunika mpaka vidoleni. Nikamwambia, kaka, nikupunguzie? Akasema acha hivyo hivyo. Nikamwambia bitana limechoka, nikuwekee jipya? Akalishika kama nimetaka kumnyang'anya mtoto.

"Usitoe kitu cha ndani," alisema.

Nilipolikunjua usiku ule niliona jina limedariziwa kwenye kola kwa uzi mweupe, kama tulivyokuwa tukifanya na sare za shule. Timotheo.

Timotheo ndiye anayeshughulika na mitambo pale studio ya Asukile. Mrefu, mpole, haongei. Ndiye atakayekuwa msimamizi wa bwana harusi. Siku ile nilidhani aliazima tu koti. Tangu siku hiyo sijamwona Asukile akisafiri bila hilo koti.

"Dada Bertha," Shaista aliita. "Umepauka. Kuna nini?"

"Baridi," nilisema.

Niliandika ujumbe.

"Asu, sehemu ya saba wale vijana hawasemi kitu. Yale maneno ni ya nani?"

Aliusoma hapo hapo. Dakika kumi zikapita.

"Ni kawaida ya kazi. Picha ikinyamaza watu kibandani wanapiga miluzi. Lazima tujaze."

"Asia nako kuna Igawa?"

Nikaongeza: "Nililishona mimi lile koti. Nililiona jina."

Nilishona suruali nzima kabla simu haijalia tena.

"Nakuja. Tafadhali usimwambie mtu mpaka nifike. Nakuomba kwa jina la Mungu unayemwomba."

Kesho yake, Jumapili, ndoa yetu ilikuwa itangazwe kanisani kwa mara ya tatu na ya mwisho. Baada ya hapo ni harusi tu.

Saa sita kaka yangu Danieli alisimamisha pikapu mbele ya duka. Yeye ananunua nyanya Ilula na kuzileta mjini. Alikuwa ameleta matenga mawili kwa ajili ya chakula cha wageni wa kesho.

"Kamwene, bibi harusi!"

"Kamwene, kaka."

"Mbona macho mekundu? Nani kakuliza?"

"Vitunguu."

"Vitunguu barazani?" Aliinama akaniangalia. "Bertha. Bwana wako kasema nini?"

"Hajasema kitu. Anakuja leo."

"Anakuja peke yake, au na pacha wake?"

"Pacha gani?"

"Yule mrefu. Kila mahali wawili wawili, kama soksi." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akasogea karibu. "Sikiliza. Pale Ilula vijana wa sokoni wameanza maneno. Nimewaambia wafunge midomo, shemeji yangu ni mwanamume. Sasa usiniaibishe. Kama ana mwanamke mahali, tutakaa wazee, tutaongea, yataisha. Lakini kama ni jambo lile lingine, mimi polisi siendi."

"Utaenda wapi?"

"Nitawachukua hao hao vijana wa sokoni. Sitachelewa hata nusu saa."

"Kaka, wewe ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana," alisema, akashusha matenga.

Nilitazama mikono yake ikishusha zile nyanya polepole, zilizoviringika akiziokota moja moja asizipasue. Mikono hiyo ndiyo iliyonibeba kwenda hospitali nikiwa na malaria, kilomita tisa. Nilijua anachoweza kwa upendo. Nilijua pia anachoweza bila upendo.

Saa kumi jioni nilimkuta Asukile kwenye darasa letu la jioni, nilikomwelekeza. Jumamosi hatusomi, na mlinzi ananifahamu. Ubaoni kulikuwa bado kuna mwandiko wa Mwalimu Eliezeri. Asukile alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma, koti la kahawia mwilini, mikono ya koti imemmeza vidole.

Nilikaa dawati la mbele. Sikumgeukia.

"Sema," nilimwambia. "Leo hakuna picha ya kujaza. Sema ya kwako."

"Umeshajua, Bertha."

"Nataka kusikia. Sauti yako ndiyo niliyoipenda, basi inipe na hili."

Kisha akasema, na kweli ilikuwa ni ile ile sauti ya sehemu ya saba:

"Ni miaka sita. Tangu Igawa."

"Na mimi?"

"Wewe nilikupenda vingine. Ukicheka nafurahi. Ukiumwa silali."

"Hata mama yangu ananipenda hivyo."

"Najua."

"Sasa kwa nini ulinichumbia, Asukile? Nilikukosea nini?"

"Nilidhani nitazoea. Ulikuwa unaniombea kwa simu kila asubuhi, nikawa nasikia amani. Nikasema, nikiwa ndani ya nyumba ya mwanamke anayeomba hivi, huenda Mungu atanichukua na mimi kwa pamoja."

"Kwa hiyo mimi ni dawa."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Unanimeza asubuhi na jioni, unasubiri upone!"

Niligeuka. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Timotheo anasemaje?"

"Hasemi."

"Nani alisema awe msimamizi wetu?"

"Yeye mwenyewe. Nilimwambia hapana. Akasema, kama ni lazima iwe, basi nisimame karibu."

Maneno hayo yaliniingia kuliko yote. Nilimwona yule mtu mrefu mbele ya madhabahu, ameshika pete zetu, amenyamaza kama wale wa kwenye picha. Nilitaka kumchukia nikakosa pa kuanzia.

"Niambie kitu kimoja," nilisema. "Kama ulijua utaficha, utasema ni ndugu, kwa nini uliitafsiri? Si ungeiacha?"

Alijifuta kwa ule mkono mrefu wa koti.

"Kwa sababu mwishoni hawafi."

"Nini?"

"Nimetafsiri sizoni zaidi ya mia, Bertha. Mtu kama mimi akitokea humo, anachekwa, au anakufa kabla hujamaliza karanga zako. Mara zote. Hii nilikaa nangoja wafe. Sehemu ya nane, hawafi. Ya kumi, hawafi. Ya mwisho wanagombana jikoni nani kasahau kununua chumvi. Basi. Inaisha hapo. Nilizima mashine nikatoka nje nikatapika."

"Kwa chumvi?"

"Kwa chumvi. Sikujua kama inaruhusiwa." Alishusha pumzi. "Nikasema lazima ifike kwetu. Pengine kuna mtu Ubaruku, katoka kuvuna mpunga, kakaa kibandani nyuma kabisa, anadhani yuko peke yake duniani. Sauti yangu itamdanganya kwamba hao ni ndugu. Lakini macho yao sikuweza kuyatafsiri. Yule mtu ataona."

Nje mlinzi alikuwa anafagia majani. Tulisikiliza ufagio.

"Kaka yangu anashuku," nilisema.

"Najua. Ndiyo maana kesho nitasimama mimi. Mchungaji akiuliza kama kuna pingamizi, nitasimama niseme kweli yote. Wewe utabaki safi."

"Danieli ameahidi kukusanya vijana."

"Amesema hivyo?"

"Amesema nusu saa."

Aliangalia mikono yake. "Basi itakuwa nusu saa."

"Na Timotheo je? Yeye naye ni nusu saa?"

Hapo ndipo alipovunjika. Aliweka kichwa juu ya dawati, na mimi nikasimama pale kwenye darasa langu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, bila mchumba, nikamshika kichwa kama mtoto mwenye homa.

"Usiseme kitu kesho," nilimwambia. "Njoo, kaa, nyamaza."

"Utafanya nini?"

"Sijui. Nitaomba."

Niliomba. Nyumbani mama yangu, Benedicta, alikuwa anachambua mchele wa wageni, akiimba. Nilipiga magoti kando ya kitanda na, Mungu anisamehe, nilimwomba anipe uongo mmoja mdogo wa kusema kanisani. Ugonjwa. Mwanamume mwingine. Chochote. Nilingoja muda mrefu. Hakunipa. Nilichopewa ni picha ya wale wawili kwenye mvua, wamenyamaza, na nikaelewa kwamba kunyamaza si uongo.

Nilimtumia ujumbe mmoja tu: "Mwambie na Timotheo aje. Mkae karibu na mlango."

Jumapili kanisa lilijaa. Mama alivaa kitenge kipya nilichomshonea mwenyewe. Shaista alikuja pia, ingawa si wa dini yetu, akakaa nyuma na wanawake, eti aone ndoa inavyotangazwa. Danieli alikuwa kwenye benchi la wazee, tai imemkaba. Karibu na mlango niliwaona wawili. Safari hii koti alikuwa amelivaa Timotheo. Lilimkaa sawasawa.

Danieli naye aliliona. Nilimwona akiliangalia, kisha akimwangalia Asukile, kisha akishika simu yake chini ya benchi.

Baada ya matangazo ya kwaya na ya vikundi, Mchungaji Aroni alivaa miwani.

"Tunatangaza ndoa kwa mara ya tatu na ya mwisho. Asukile wa usharika wa Mwanjelwa, Mbeya, na Bertha Kalinga wa usharika huu. Mwenye pingamizi lolote la haki, aseme sasa."

Mtoto mmoja alikohoa.

Kule mlangoni Asukile aliweka mikono juu ya magoti akaanza kuinuka. Nilimjua, asingekaa tena. Basi nikasimama kabla yake.

"Nina pingamizi, Mchungaji."

Mabenchi yote yalilia kwa pamoja, watu wakigeuka.

"Bertha?" Mchungaji alivua miwani. "Wewe?"

"Mimi."

"Bertha, kaa chini!" Mama alinivuta sketi. "Una wazimu? Kaa!"

"Mama, niache."

"Pingamizi gani, binti yangu?" Mchungaji aliuliza taratibu. "Una sababu?"

"Ninayo. Mungu anaijua."

"Na kanisa je?"

"Kanisa naliomba liniamini."

Danieli alikuwa ameshasimama. "Mchungaji, hilo si jibu! Huyu ni dada yangu. Aseme huyo bwana kafanya nini. Sema, Bertha! Taja! Usimfiche mtu!"

"Hajanipiga. Hajaniibia. Hajanigusa kabla ya ndoa. Hakuna baya alilonitendea ambalo sijamsamehe."

"Basi kuna nini? Ni wewe? Una mtu?"

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi nyuma yangu. Ningejibu hapana, angegeukia mlangoni. Niliona simu mkononi mwake, kidole kikiwa tayari.

"Kaka," nilisema, "ulinibeba kilomita tisa ili nisife. Leo nakuomba unibebe tena. Weka simu chini."

Hakuiweka. Lakini kidole kilisimama.

"Watasema ni wewe," alisema kwa sauti ya chini, akinisogelea. "Watasema wewe ndiye mwenye kasoro. Hakuna atakayekuoa mji huu. Unaelewa?"

"Naelewa."

Mama alikuwa analia na kitenge usoni. Shaista, kule nyuma, alikuwa amesimama na mkono mdomoni, na nikaona kwenye macho yake kwamba sasa ameelewa, na kwamba hatasema. Asukile alikuwa nusu amesimama, nusu ameketi. Timotheo alikuwa amemshika mkono wa shati, hapo hapo mbele ya watu wote, amemzuia. Hakuna aliyewatazama. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Bertha," alisema Mchungaji, "kanisa haliwezi kuandika pingamizi lisilo na maneno. Utasema nini mbele ya hawa?"

Nilitoka kwenye benchi nikaenda mbele, mahali ambapo ningesimama na shela mwezi ujao. Niliweka mkono juu ya meza ya Bwana, kitambaa chake nilikidarizi mimi mwaka jana. Nilisema kwa sauti, ili hata wa mlangoni asikie, na kwa Kiswahili changu mwenyewe, kisichojaza kimya cha mtu:

"Mimi Bertha Kalinga nauvunja uchumba huu kwa hiari yangu. Na ninaahidi mbele za Mungu, mbele ya mama yangu na kaka yangu, na mbele yenu nyote mlioketi hapa: jina la Asukile halitatoka kinywani mwangu kwa ubaya, leo, wala siku nitakayozikwa. Atakayetaka kumgusa aanze na mimi. Na atakayeniuliza sababu, hata akiniuliza miaka hamsini, nitanyamaza."